Ndugu Mhariri, kwenye lile jedwali lenu Stirling Moss yuko wapi?

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kwako na kwa wenzako wote hapo ofisini. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti lenu linafika hapa gereji kwetu Mwanza kwenye saa tatu saa nne hivi asubuhi na likifika linasomwa na watu kama kumi, ikifika jioni kila ukurasa una alama za vidole vya grisi. Sinaga kawaida ya kuandika barua kwa mhariri. Ila safari hii nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya ule ukurasa wa michezo mliotoa jedwali la madereva bora wa mbio za magari wa enzi zile za zamani, mkawapanga kwa idadi ya ubingwa wa dunia. Fangio mara 5, sawa kabisa, huyo hana mjadala. Ascari yupo, Brabham yupo, Hawthorn yupo, Phil Hill yupo. Nimeanza juu nikashuka mpaka chini, nikarudia tena nikidhani macho yangu ndo yana shida, Stirling Moss hayupo. Vijana wangu wakaniuliza fundi mbona umenuna, nikawaambia kuna mtu ameachwa hapa, wakasema kama hakuchukua ubingwa si ndo maana ameachwa.

Ni kweli hakuchukua. Hata mara moja. Mwaka 1955 alikuwa wa pili duniani, 1956 wa pili, 1957 wa pili, 1958 wa pili, halafu 1959, 1960 na 1961 akawa wa tatu mara tatu mfululizo. Ukiangalia jedwali peke yake utasema huyu jamaa alikuwa mtu wa kukaribia tu. Lakini naomba nafasi nieleze ule mwaka 1958 ulivyokuwa, maana nina uhakika aliyepanga jedwali lenu angeujua asingeweza kumuacha.

Mi nimemjua Moss kupitia mzee aliyenifundisha kazi. Alikuwa Singasinga, mzee mmoja mpole sana, mkali kwenye kazi tu, ukimrudishia spana bila kuifuta hakusemi ila anakuangalia mpaka unaichukua tena mwenyewe. Juu ya benchi lake alikuwa amebandika picha mbili zilizokatwa kwenye magazeti. Moja ilikuwa ya Joginder Singh na ile Volvo aliyoshindia Safari Rally mwaka 1965, hiyo kila mtu alikuwa anaielewa. Ya pili ilikuwa ya wazungu wawili nyuso zao nyeusi tii kwa masizi, pamebaki peupe pale tu miwani ilipokuwa imekaa, na mmoja wao ni mfupi ana ndevu nyingi. Mi nikadhani ni mafundi wenzetu. Akaniambia yule asiye na ndevu ni Stirling Moss, na mdogo wake wa kike, Pat Moss, alishawahi kuja huku kwetu kwenye Safari mwaka 1962 na kigari cha Saab akamaliza wa tatu, kwenye matope yale yale yaliyokuwa yanawarudisha wanaume nyumbani. Kwa hiyo ile familia haikuwa ya mchezo. Baba yao alikuwa daktari wa meno London na yeye mwenyewe alishakimbia Indianapolis huko Marekani mwaka 1924, mama yao naye alikuwa anashindana na magari. Stirling amezaliwa tarehe 17 Septemba 1929 na kwenye mwaka 1948 akiwa hata miaka 19 hajafikisha tayari alikuwa anakimbiza kigari cha Cooper chenye injini ya pikipiki.

Sasa turudi kwenye 1958.

Mwaka ule Moss alikuwa anaendesha Vanwall, gari la kijani la Uingereza lililotengenezwa na tajiri mmoja anaitwa Tony Vandervell ambaye biashara yake ilikuwa ni kutengeneza beringi, zile nyembamba za kwenye krenki, yani mtu wa vipuri kama sisi ila yeye ana kiwanda. Mpinzani wake mkubwa ni Muingereza mwenzake, Mike Hawthorn, kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya majani makavu, alikuwa anaendesha huku amevaa tai ya kipepeo, na yeye yupo Ferrari. Hesabu za pointi zilikuwa hivi: wa kwanza anapata 8, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 3, wa tano 2, na aliyepiga mzunguko wa kasi kuliko wote anaongezewa pointi 1. Halafu mwisho wa mwaka unahesabiwa matokeo yako 6 mazuri tu, mengine yanatupwa. Naomba hiyo muikumbuke.

Tarehe 24 Agosti wakawa Porto, Ureno. Ile haikuwa njia ya mashindano kama tunazoziona siku hizi kwenye TV, ni barabara za mjini kabisa, kuna mawe ya kupanga, kuna reli za tramu zinakatiza, kuna nguzo za taa na miti pembeni, na siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Moss akashinda, tena kwa mbali. Hawthorn akawa wa pili, lakini mwishoni gari lilimponyoka likatoka njiani likazima. Wenye magari mnajua hali ile, gari limekuzimikia mahali pabaya na huna mtu wa kukusukuma. Akawa anahangaika kulisukuma mwenyewe kupandisha mlima, haliendi. Moss wakati huo ameshamaliza, yuko kwenye mzunguko wa kupoza gari, akamkuta pale akampigia kelele lisukume kwa kushuka, we unalipandisha la nini. Hawthorn akaligeuza, akalisukuma kwenye mteremko, likawaka, akamalizia.

Jioni wasimamizi wa mashindano wakasema huyu ameendesha kinyume na uelekeo wa mbio, ni kosa, anafutwa. Mnaelewa maana yake? Hawthorn pale alikuwa na pointi 6 za nafasi ya pili na 1 ya mzunguko wa kasi, jumla 7, zote zinaenda. Na anayefaidika ni mtu mmoja tu duniani, Stirling Moss.

Moss akaenda mwenyewe mbele ya wasimamizi usiku ule. Hakuitwa na Ferrari, hakulipwa na mtu. Akawaambia mi nilimuona kwa macho yangu, wakati analisukuma kinyume alikuwa pembeni, sehemu ya waenda kwa miguu, hakuwa ndani ya njia ya mashindano, kwa hiyo hana kosa. Wasimamizi wakamsikiliza, wakamrudishia Hawthorn pointi zake 7.

Mwisho wa mwaka Hawthorn akawa bingwa wa dunia kwa pointi 42. Moss 41.

Sasa nikisimulia hii hapa gereji huwa kuna mtu anasema ah, fundi, lakini si umesema yanahesabiwa matokeo 6 tu, kwahiyo pengine hata angefutwa Porto angeingiza tokeo jingine na mambo yangekuwa yale yale. Swali zuri. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya risiti. Matokeo 6 mazuri ya Hawthorn yalikuwa Ufaransa 9, Ubelgiji 7, Uingereza 7, Ureno 7, Italia 6, Morocco 6, jumla 42. Toa Ureno. Linalofuata kwa uzuri ni Argentina, alikuwa wa tatu, pointi 4. Inakuja 39. Moss ana 41. Kwa hiyo angekuwa bingwa wa dunia, kwa pointi 2 mbele, hakuna ubishi wowote.

Na kuna kitu kingine kwenye siku hiyo hiyo ya Porto ambacho mpaka leo nikikikumbuka kinaniuma kama kimenitokea mimi. Katikati ya mbio, watu wa Moss wa kule piti, pale magari yanapoingia kuhudumiwa, walimuonyesha ubao umeandikwa HAWT REC, wakimaanisha Hawthorn ameweka rekodi ya mzunguko, kanyaga uichukue. Moss akiwa kwenye spidi, barabara imelowa, akasoma ile C kama G, HAWT REG, akaelewa kwamba Hawthorn anaenda mwendo wa kawaida tu, hana shida. Hakukanyaga. Alikuwa na gari na nafasi na muda wa kuichukua ile pointi. Angeichukua, Hawthorn angekuwa na 41 na yeye 42. Yani mara mbili katika siku moja ubingwa ulipita mkononi mwake, mara ya kwanza kwa herufi moja, mara ya pili kwa hiari yake mwenyewe, na ile ya hiari ilitokea usiku baada ya kujua hesabu zote zimekaaje.

Mbio za mwisho zilikuwa hapa hapa Afrika, Casablanca, Morocco, kwenye barabara za Ain-Diab kando ya bahari, tarehe 19 Oktoba 1958. Ilikuwa mara ya kwanza mbio za ubingwa wa dunia kufanyika bara letu, na naamini wasomaji wenu wengi hawalijui hilo. Moss alitakiwa ashinde, apige na mzunguko wa kasi, halafu Hawthorn asizidi nafasi ya tatu. Alishinda. Mzunguko wa kasi akaupiga. Pointi 9, zaidi ya hapo mwanadamu hawezi kupata. Lakini Phil Hill wa Ferrari ambaye alikuwa mbele ya Hawthorn akampisha mwenzake akawa wa pili, ikaishia hapo. Na siku ile ile mwenzake Moss kwenye Vanwall, Stuart Lewis-Evans, kijana wa miaka 28, injini yake ilikamata akatoka njiani gari likawaka moto, akafariki siku 6 baadaye Uingereza. Kwa hiyo pale Casablanca hakuna aliyekuwa na moyo wa kusherehekea sana. Luigi Musso alishakufa Julai kule Reims, Peter Collins alishakufa Agosti Nürburgring, wote wa Ferrari. Hawthorn mwenyewe akaacha mbio mara tu baada ya ubingwa na Januari 1959 akafa kwenye ajali ya barabara ya kawaida karibu na Guildford akiwa na Jaguar yake, miaka 29. Mwaka mmoja ule. Siku hizi dereva anapinduka mara tano anatoka anajikung'uta vumbi, enzi zile mkanda wenyewe hawafungi.

Naomba nieleze kwanini mi hili linanigusa hivi, halafu nitaendelea.

Nimekulia kijijini Shinyanga, na kama mnavyojua kule kwetu mbio za baiskeli ni kitu kikubwa. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa kijana nina mguu kweli, kukawa na mashindano, wa kwanza ng'ombe, wa pili redio, wa tatu jembe. Mi nilikuwa na Phoenix ya baba nimeifungua madgadi yote iwe nyepesi. Nikamaliza wa tatu. Aliyemaliza wa pili, watu wakasema ameshika lori kwenye ule mlima wa mwisho, si mnajua wale wanaodandia bomba la nyuma kwa mkono mmoja. Mi nilikuwa nyuma yake, mita kama ishirini hivi. Niliona kila kitu. Lori lilimpita kwa karibu sana mpaka likamfunika na vumbi, lakini hakuligusa. Alipoitwa na wazee wa mashindano akasema muulizeni huyo alikuwa nyuma yangu, akaninyooshea kidole. Watu wote wakaniangalia. Mi nikainama nikajifanya mnyororo umenitoka, nikawa naurudisha pale, mnyororo ambao haukuwa umetoka. Wakangoja kidogo, wakasema basi. Akafutwa. Nikapewa redio.

Ile redio ilikaa nyumbani miaka mingi, mama alikuwa anasikilizia matangazo ya vifo. Yule mwenzangu hakushiriki tena mbio, na kila nilipokutana naye sokoni alinisalimia vizuri kabisa, ndo kilichokuwa kinaniumiza zaidi. Kwa hiyo mzee wangu Singasinga aliponisimulia habari ya Porto kwa mara ya kwanza, mi niko chini ya gari nafungua giaboksi, nilibaki chini kule kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Zawadi yangu ilikuwa redio. Ya mwenzetu ilikuwa ubingwa wa dunia, na alikuwa na miaka 28, na hakuna ambaye angejua kama angeamua kulala hotelini kwake usiku ule.

Sasa isije ikaonekana namtetea kwa sababu ya roho nzuri tu, kwenye spidi alikuwa moto. Kati ya mbio 66 za ubingwa wa dunia alizoanza alishinda 16, na ukichukua mashindano ya kila aina aliyoingia ni 529 na alishinda 212. Mwaka huo huo wa 1958 yeye alishinda mbio 4 na Hawthorn alishinda 1 tu. Moja! Ndo ubingwa ulivyokuwa unahesabiwa, sibishi, sheria ni sheria.

Ile picha ya nyuso nyeusi ni ya Mille Miglia, tarehe 1 Mei 1955. Hii ilikuwa ni kutoka Brescia Italia kaskazini, unashuka mpaka Roma, unarudi Brescia, karibu kilometa 1,600, barabara za kawaida za watu, zinapita katikati ya miji, madaraja, milima, na watu wamejaa kando mpaka barabarani. Yule mwenye ndevu ni Denis Jenkinson, na hapa Ndugu Mhariri sikiliza vizuri, alikuwa mwandishi wa habari. Mwandishi kama nyie! Alikuwa na moyo wa chuma lakini, maana kabla ya hapo mwaka 1949 alishakuwa bingwa wa dunia wa kukaa kwenye kile kitoroli cha pembeni ya pikipiki. Walipita njia nzima kabla ya mashindano, Jenkinson akaandika kila kona, kila kilima, kila daraja baya, kwenye karatasi moja ndefu ya zaidi ya mita 5, akaiviringisha kwenye kiboksi chenye kioo, awe anaizungusha kama unavyozungusha mkanda wa kaseti. Mercedes ile 300 SLR ilikuwa wazi juu na inanguruma mpaka huwezi kusikia mtu aliyekaa bega kwa bega na wewe, kwa hiyo wakatunga ishara za mikono. Mkono ukienda hivi, kona ya kulia kali. Ukienda hivi, kilima, usiachie, barabara upande wa pili imenyooka.

Fikirieni hilo kidogo. Uko kwenye kilometa 270 kwa saa, mbele kuna mwinuko huoni kinachofuata, na mwandishi wa habari amekuonyesha kwa kidole kwamba usiachie. Moss hakuachia, gari likaruka hewani lote matairi manne, likatua, wakaendelea. Jenkinson njiani alitapika, akageukia pembeni atapike nje upepo ukabeba miwani yake, ikabidi atoe ya akiba mfukoni, na kazi ikaendelea, kidole hakikusimama. Waliondoka saa 1 na dakika 22 asubuhi, ndo maana gari lao lilikuwa na namba 722, wakarudi baada ya saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Wastani wa kilometa 157 kwa saa, ukijumlisha na kusimama kuweka mafuta. Kutoka hapa Mwanza kwenda Dar ni zaidi ya kilometa 1,100, ukipanda basi alfajiri unafika usiku umechoka, na wewe ulikuwa umekaa tu. Fangio, yule yule wa mara 5, alikuwa wa pili zaidi ya nusu saa nyuma. Na Julai mwaka ule, Aintree, Moss akawa Muingereza wa kwanza kushinda mbio za ubingwa wa dunia za nyumbani kwao, akimpita Fangio kwa sehemu ya sekunde. Watu wakasema Fangio kamuachia kwa heshima. Fangio mwenyewe kila alipoulizwa alisema siku ile Moss alikuwa bora.

Mafundi wenzangu wanaosoma hii watapenda ya Buenos Aires, Januari 1958. Moss alikwenda na kigari cha Cooper, injini nyuma, chini ya lita 2, ya tajiri mmoja binafsi Rob Walker. Wenzake wote wana injini kubwa mbele. Wakamcheka. Na kweli walikuwa na sababu, kwa sababu rimu za Cooper zilikuwa zinafungwa na nati nne wakati za Ferrari ni nati moja ya katikati unaigonga nyundo inatoka, kwa hiyo akiingia kubadilisha matairi amekwisha. Ferrari wakawa wametulia wanasubiri aingie. Fundi wake Alf Francis, mtu wa asili ya Poland, akatoa matairi akayapanga pale piti waziwazi kama vile yanamsubiri, Ferrari wakazidi kutulia. Hakuingia. Alipita pale mizunguko yote, wao waliposhtuka wakaanza kufukuza, Musso akamaliza sekunde 2.7 nyuma yake. Matairi ya Cooper yalikuwa yameisha mpira, yameanza kuonyesha nyuzi. Hiyo ndo ilikuwa mara ya kwanza gari lenye injini nyuma kushinda mbio za ubingwa wa dunia, na leo hii hakuna gari la Formula 1 lenye injini mbele.

Na Monaco 1961! Pale kwenye mstari wa kuanzia wakagundua bomba moja la chesisi ya Lotus yake limepasuka. Tangi limejaa petroli. Alf Francis akafunika tangi na matambara yaliyolowa maji akalichomelea pale pale. Mi nimechomelea magari miaka karibu thelathini, mtu akiniambia nichomelee na tangi limejaa mita moja kutoka kwenye moto nitamwambia tafuta fundi mwingine. Moss kasimama pembeni anaangalia, kisha kaingia ndani, kaondoa na yale mabati ya pembeni apate hewa, kakimbia mizunguko 100 akiwa na injini dhaifu kuliko za Ferrari tatu zilizokuwa zinamfukuza kwa zamu, akashinda kwa sekunde 3.6.

Kwanini basi hakuchukua ubingwa na ufundi wote huo. Sehemu ni bahati, magari yalimfia sana. Sehemu ni msimamo wake. Mwaka 1951 Enzo Ferrari alimuahidi gari la kukimbia kule Bari, Moss akasafiri kwa gharama zake mpaka kusini mwa Italia, akafika akakuta gari kapewa mtu mwingine na hakuna aliyemuomba hata radhi. Akaapa hatoendesha timu ya Ferrari, na kweli miaka yote ile Ferrari ikiwa na magari ya ubingwa yeye alikaa na akina Vandervell na Rob Walker, na alipenda sana kushinda na gari la Uingereza. Kuna watu wanasema huo ni ukaidi. Mi sioni hivyo, mtu aliyeahidiwa akaachwa kituoni ana haki ya kupanda basi jingine.

Tarehe 23 Aprili 1962, Goodwood, gari lake lilitoka njiani likagonga tuta la udongo. Walikata mabati zaidi ya nusu saa kumtoa. Alikaa mwezi mzima bila fahamu na upande wake wa kushoto ulipooza miezi. Mwaka uliofuata akaomba gari ajaribu, akazunguka Goodwood peke yake, spidi ilikuwepo ila akaona vitu ambavyo mikono ilikuwa inavifanya yenyewe sasa inabidi avifikirie kwanza. Akashuka akasema basi. Alikuwa na miaka 33. Baadaye alikiri kwamba huenda aliamua haraka mno, angesubiri zaidi. Hata hivyo kule Uingereza kwa miaka mingi trafiki akikusimamisha kwa spidi alikuwa anakuuliza unajiona nani wewe, Stirling Moss? Hakuwa anamtaja bingwa yeyote kati ya mliowaweka kwenye jedwali, alikuwa anamtaja huyu. Alifariki tarehe 12 Aprili 2020 akiwa na miaka 90, katikati ya ile korona, na kwenye magazeti yetu sikumbuki kuona hata mistari miwili.

Kwa hiyo ombi langu Ndugu Mhariri si kubwa. Sisemi mumpe ubingwa, hata yeye asingeupokea. Mkilichapa tena jedwali lile, kwenye mwaka 1958 andikeni Hawthorn 42, Moss 41, halafu chini yake muweke kwamba Porto tarehe 24 Agosti Moss alikwenda kumshuhudia Hawthorn akarudishiwa pointi 7. Nafasi ipo. Nimepima na rula hapa, chini ya ile picha ya Brabham kuna sentimita mbili hazina kitu.

Wenu,
Fundi magari, Mwanza